Maua Yasiyo na Mbochi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chapuchapu alipangusa maua. Hakuyamwagilia, aliyapangusa. Maua ya nyumbani kwao yalikuwa ya plastiki na kitambaa. Yalijaa sebuleni, juu ya kabati, dirishani, mpaka juu ya friji, na adui yao hakuwa jua wala mdudu. Adui yao alikuwa vumbi.

Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa mpambaji wa kumbi. Palipotajwa harusi au mahafali, shangazi alifika na maboksi yake, na baada ya muda ukumbi uliokuwa mtupu kama tumbo la mfungaji uligeuka bustani.

"Maua yangu hayanyauki, hayaombi maji, wala hayanuni," alipenda kujitapa. "Nitajie ndugu mwenye sifa hizo."

Jina ambalo Chapuchapu alipewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye orodha ya mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Chapuchapu, kwa sababu alikula chapuchapu, akaandika chapuchapu, na akiulizwa swali alianza kujibu kabla muulizaji hajalimaliza. Ile methali ya haraka haraka aliambiwa mara nyingi hata ikachakaa masikioni mwake. Mtu akianza tu, yeye ndiye aliyeimalizia, tena kwa kasi.

Asubuhi hiyo alipitisha kitambaa juu ya maua kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

"Na vumbi la nyuma ya majani umemwachia nani?" aliuliza shangazi, akifunga boksi kwa kamba.

"Nyuma hakuonekani, Shangazi."

"Hakuonekani na nani? Mimi nimeonaje?"

Chapuchapu alicheka, akanyakua mkoba, akatoka. Shangazi alimfuata kwa sauti mpaka mlangoni. "Siku ya wazazi inakuja, na jukwaa la shule nitalipamba mimi kama kawaida! Nimeshawapambia watoto wa watu wote. Wa kwangu atapanda lini?"

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma. Mwaka mzima uliopita alijaribu kupanda jukwaani. Shairi alilikariri haraka, akalisahau haraka zaidi. Kwenye ngonjera alitolewa kwa kumaliza kabla ya wenzake. Sasa alikuwa ameapa kwamba safari hii, liwalo na liwe, shangazi atamwona pale juu.

Shule ilikuwa nyuma ya nyumba yao, uzio mmoja tu ukizitenganisha, na bado alifika kengele ikilia. Mwalimu wa sayansi aliingia darasani mikono mitupu.

"Wiki hii vitabu vimefungwa," alisema. "Mtasoma kwa macho. Kila wawili watapewa kiumbe mmoja. Mmwangalie anavyokula, kisha Ijumaa mtuambie anakula kwa kutumia nini, na vipi. Watakaoeleza vizuri ndio watakaopanda jukwaani siku ya wazazi."

Chapuchapu aliketi wima kama mtu aliyeguswa na umeme.

Redio, msichana aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima, alipewa kuku. "Kuku!" alilalamika. "Mwalimu, kuku namjua hata nikiwa usingizini!" Wengine walipewa mbuzi, mjusi na konokono. Chapuchapu alipewa kipepeo, na mwenzake wa kumwangalia naye alikuwa Kobe.

Hapo ndipo furaha ilipoanza kuingia doa. Kobe alikuwa msichana mpole aliyekunywa maji kana kwamba anayatafuna. Kumfunga Chapuchapu na Kobe ilikuwa kama kufunga baiskeli nyuma ya jiwe.

Karibu na bomba la maji la shule palikuwa na magugu yenye maua madogo ya manjano na zambarau, na vipepeo walipapenda. Wakati wa mapumziko Kobe aliketi chini, akakunja miguu, akatulia. Chapuchapu alikimbia. Aliona kipepeo mweupe ametua, akamvamia. Kipepeo akaruka. Akamfuata kwenye ua la pili. Kipepeo akaruka tena. Akamkimbiza mpaka kwenye uzio, na huko kipepeo akapita juu, akaenda zake, akimwacha Chapuchapu amekumbatia seng'enge.

"Njoo ukae," alisema Kobe.

"Nikikaa nitaona nini? Magoti yangu?"

"Kivuli chako kinamwangukia. Anadhani wewe ni ndege anayetaka kumla."

"Ndege gani anavaa sare ya shule?"

 Kobe alikuwa amemkazia macho kipepeo wa rangi ya chungwa aliyekuwa akishuka polepole mbele yake. Kipepeo akatua. Akatulia. Kobe akashusha pumzi.

"Yuko wapi? Anakula? Anakula?" Chapuchapu akaja mbio, mchanga ukaruka, kipepeo naye akaruka.

Kobe alifumba macho kwa muda. "Nilikuwa karibu kuona," alisema, na kwa mtu mpole kama yeye, huo ulikuwa ugomvi mkubwa.

Siku iliyofuata Chapuchapu alikuja na mbinu. Alimnasa kipepeo kwa kofia, akamtia kwenye chupa ya jamu pamoja na ua lililochumwa, akaiweka chupa mbele ya pua yake. "Haya, kula! Nimekuletea chakula mpaka kitandani." Kipepeo hakula. Alijigonga kwenye kioo huku, akajigonga kule, na unga wa mabawa yake ukabaki kwenye kioo kama poda. Chapuchapu alibembeleza, akatisha, akatikisa chupa. Mwishowe kipepeo alilala ubavu, na Kobe akaifungua chupa bila kuomba ruhusa.

"Ungeletewa chakula ukiwa umefungwa kwenye pipa, wewe ungekula?"

"Mimi? Inategemea chakula," alijibu Chapuchapu, lakini hakucheka. Macho yalimwasha. Siku zilikuwa zinakwisha, na wadudu wadogo wasio na mtihani wowote wa kufanya walikuwa wanamchezea akili.

Kisha Alhamisi ikaja na pigo. Kwa ajili ya siku ya wazazi, shule ilisafishwa. Walipofika kwenye bomba walikuta magugu yote yamefyekwa. Palikuwa peupe kama kichwa kilichonyolewa, na hapakuwa na ua wala kipepeo.

Chapuchapu alipiga teke ndoo. Ndoo haikuumia. Aliyeumia ni yeye.

"Tumwambie Mwalimu ukweli," Kobe alisema taratibu. "Kwamba hatujaona. Tumwombe siku nyingine."

"Wewe omba siku. Mimi nataka jukwaa," alijibu Chapuchapu, akaenda nyumbani akichechemea.

Uwanja wa nyumbani nao shangazi aliufagia kila siku mpaka ukang'aa. Jani likiota tu, jioni halikuwepo. Chapuchapu alisimama barazani akiuangalia usafi ule kwa hasira. Nyumba nzima ina maua, na hakuna hata moja la kufaa! Hapo wazo likamjia. Kipepeo atajuaje? Akatoa chungu cha waridi jekundu la kitambaa, akakiweka juani, akajificha nyuma ya mlango.

Haukupita muda, kipepeo akaja. Chapuchapu aliuma kidole. Kipepeo akatua juu ya waridi, akakanyagakanyaga kwa miguu yake myembamba kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga, kisha huyoo! Akaja wa pili. Naye alikanyaga, naye akaondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Jua likazama bila hata mmoja kuonja chochote.

Chapuchapu akarudisha chungu ndani na kukilaza uso kwa ukuta.

Ijumaa wenzake walieleza. Redio alieleza habari za kuku mpaka mwalimu akamshukuru mara ya tatu ndipo akaketi. Wa konokono walisema wameona kidogo sana, lakini hicho kidogo walikichora. Kisha zamu ya kipepeo ikafika. Kobe alisimama taratibu. Kabla hajanyooka, Chapuchapu alikuwa ameshaanza.

"Kipepeo ana ulimi mdogo mwekundu. Anatua kwenye ua, anautoa, analamba mbochi, yaani yale maji matamu ya ndani ya ua, kama paka anavyolamba maziwa. Akishiba anajipangusa mdomo."

Darasa likavuta pumzi. Alijisikia mrefu. Uongo, ukiwa bado mpya, humkaa mtu kama nguo ya sikukuu.

"Anajipangusa kwa nini?" aliuliza Redio.

"Kwa bawa."

"Umemwona wapi?"

"Nyumbani. Tuna maua mekundu barazani. Wanakuja kila asubuhi, wengi, wanapanga mpaka foleni."

Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo. "Miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona kipepeo akilamba," alisema. "Na wewe Kobe, umemwona?"

Kobe aliangalia kamba za viatu vyake. "Mimi sikuwepo nyumbani kwao, Mwalimu."

"Basi sote hatukuwepo, na jambo kama hili si la kukosa. Kesho ni Jumamosi. Klabu ya sayansi badala ya kukutana hapa itakuja kwenu asubuhi. Si ile nyumba ya nyuma ya uzio?"

 Chapuchapu aliitikia kwa kichwa tu.

Walipotoka, Redio alimfuata. "Nyumba yenu ina maua ya kweli tangu lini?"

"Tangu jana," alijibu Chapuchapu, akakimbia.

Mchana huo shangazi alikwenda kukagua ukumbi wa harusi aliyokuwa aipambe kesho yake alasiri. Chapuchapu alibaki peke yake na tatizo lake. Kama maua hayana utamu, aliwaza, dawa yake ni kuyatia utamu. Alichemsha sukari kwa maji kiduchu mpaka ikawa nzito kama gundi, akaongeza asali, akachukua brashi. Kwenye boksi kubwa kulikuwa na waridi jekundu, jipya, zuri kuliko yote. Akalipaka. Na kwa kuwa vipepeo wengi ni bora kuliko mmoja, alipaka boksi zima, shina kwa shina, akayapanga yote kwenye kona ya baraza. Alikuwa na bidii ambayo shangazi angeililia machozi ya furaha kama ingetumika kwenye kupangusa vumbi.

Hakuna kipepeo aliyekula. Mmoja alitua, akakanyaga ile gundi, akahangaika kujinasua, akaenda zake. Shangazi alirudi jioni amechoka, akapita moja kwa moja ndani bila kugeuka. Chapuchapu alilala akijipa moyo kwamba asubuhi watakuja.

Asubuhi walikuja kweli. Lakini sisimizi.

Walitoka chini ya ngazi kwa mstari, wakapanda ukuta, wakaingia kwenye maua, na mstari mwingine ulikuwa unarudi. Waridi lilikuwa linatembea. Chapuchapu alikuwa bado ameduwaa na kitambaa mkononi shangazi alipotoka na kikombe cha chai.

Kikombe hakikuanguka. Shangazi alikiweka chini polepole, na upole ule ulitisha kuliko kelele.

"Haya ni maua ya meza ya bibi harusi," alisema. "Ya leo. Nani kayapaka?"

"Sijui, Shangazi, labda..."

"Labda nani? Nyuki wamekuja na brashi?"

Chapuchapu alifungua mdomo atunge jingine. Alitafuta, akakuta kapu tupu. Badala ya maneno yakatoka machozi, na nyuma ya machozi yakatoka yote: kipepeo wa chupa, magugu yaliyofyekwa, ulimi mwekundu, foleni ya asubuhi, na klabu nzima ya sayansi iliyokuwa njiani.

Shangazi aliketi juu ya boksi. "Yaani siku moja umeniletea mwalimu, wanafunzi, na sisimizi. Siku ya harusi ya watu!" Alijishika kichwa. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka unione jukwaani."

Shangazi akasimama. "Lete mabeseni. Mawili. La sabuni na la maji safi."

Ile kazi haikutaka utani. Sukari iliyokauka haitoki kwa kuchovya. Ilibidi kulishika ua, kulilowesha, kufungua kila petali na kusugua kwa kidole, kisha kugeuza upande wa pili. Chapuchapu alichovya la kwanza, akalitikisa, akalitundika kwenye kamba. Shangazi akalishusha. "Rudia." Akarudia haraka zaidi, petali moja ikachomoka. "Likikatika, bibi harusi atawekewa mkono wako mezani." Mgongo ulimuuma, sisimizi walimpanda mikononi na kumuuma hukohuko kwenye sabuni, na kila alipodhani amemaliza, ua lilikuwa bado linanata. Alitamani kulia tena lakini hakuwa na mkono mkavu wa kujifutia.

Geti likalia. Alikuwa Kobe, wa kwanza kufika labda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, kisha akamgeukia Chapuchapu. "Nimewahi ili nikwambie tuseme ukweli kabla hawajaja." Akatazama baraza. "Naona sisimizi wameshaanza kusema."

"Marahaba, mwanangu," alisema shangazi. "Kunja mikono ya shati, uingie kazini."

Kobe alikaa mbele ya beseni, na kwa mara ya kwanza polepole yake ilikuwa ndiyo kasi inayotakiwa. Alilifungua kila ua kama barua. Chapuchapu, kwa kukosa njia nyingine, akamwiga.

Ndipo kipepeo wa rangi ya chungwa alipokuja. Alizunguka kamba ya nguo, akashuka, akatua juu ya ua lililokuwa limetundikwa likisubiri kurudiwa, linalodondosha maji, usawa kabisa wa uso wa Chapuchapu.

"Usitikisike," Kobe alinong'ona.

Mikono ya Chapuchapu ilikuwa kwenye povu mpaka viwikoni. Pua ilimwasha. Sisimizi alikuwa akimpanda shingoni. Mwili wake wote ulimwambia ruka, lakini kwa mara moja hakuusikiliza. Kipepeo alikanyagakanyaga kwa miguu kama wale wa juzi. Safari hii hakuondoka. Chini ya kichwa chake kulikuwa na kitu cheusi kilichojiviringa kama dawa ya mbu ya kuchoma, ila chembamba kuliko uzi. Kikaanza kujifungua. Kikanyooka, kikapindika katikati kama kiwiko, ncha yake ikashuka katikati ya petali mbili ambapo tone la maji lilikuwa limetuama. Ikakaa humo. Hakutafuna. Hakulamba. Alisimama tu, mabawa yakifunguka na kujifunga taratibu, na tone likawa linapungua.

"Hana ulimi," Chapuchapu alisema bila kutikisa midomo.

"Wala meno."

"Anafyonza, Kobe. Ana mrija!"

Hapohapo geti likafunguka na klabu ya sayansi ikaingia, Redio akiwa mbele. "Jamani, ni kweli!" alipaza sauti. "Kipepeo huyo hapo, anakula kwenye maua yao!"

Wenzake wakasogea kwa vidole vya miguu. Mwalimu akainama, akatazama. "Lo, Chapuchapu alisema kweli!" mmoja alinong'ona. Mwingine akapiga kofi moja la pongezi, na kipepeo akakunja mrija wake, akaruka.

Chapuchapu aliwatazama. Mlango wa jukwaa ulikuwa wazi mbele yake. Hakuhitajika hata kusema uongo mwingine, alihitajika kunyamaza tu. Alimtazama Kobe, na Kobe akatazama povu. Alimtazama shangazi, na shangazi akaendelea kusugua ua lake kana kwamba hana masikio.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Maua haya ni ya kitambaa."

Redio akalibonyeza moja kwa kidole.

"Nimeyapaka sukari jana ili mkija mwone vipepeo. Na jana darasani nilikuwa sijaona kitu. Ile ya ulimi nilitunga. Na ya kujipangusa mdomo. Na foleni pia."

Waliangua kicheko. Redio alicheka mpaka akashika ukuta, akaondoa mkono haraka kwa sababu ya sisimizi. Uso wa Chapuchapu uliwaka, lakini hakukimbia. Mikono ikiwa ndani ya beseni, hata hivyo asingefika mbali.

Mwalimu alisubiri kicheko kipungue. "Na leo, umeona nini?"

Akaeleza. Hakuongeza chumvi. Alipofika kwenye kile kitu kilichojiviringa, kicheko kilikwisha kabisa, na Kobe akasaidia kwenye kile kiwiko ambacho yeye alisahau.

"Huo ndio mdomo wa kipepeo," alisema mwalimu. "Ni mrija. Hawezi kung'ata wala kutafuna. Mbochi hukaa chini kabisa ndani ya ua, naye huufikia kwa mrija huo. Akiwa kazini, chavua, yaani ule unga wa ndani ya ua, humganda mwilini, akaipeleka kwenye ua la pili, na kwa njia hiyo ua huweza kufanya mbegu. Yaani hali chakula cha bure."

"Lakini juzi, kabla ya sukari, walitua, na jana pia, mbona hawakufyonza?" aliuliza Chapuchapu, na moyoni bado alikuwa na kinyongo nao.

"Kipepeo huonja kwa miguu. Yale ya juzi, rangi iliwaita, miguu ikawaambia hapa hakuna kitu. Na sukari yako ya jana, ilikuwaje?"

"Nzito kama gundi."

"Umewahi kunywa uji mzito kwa mrija wa soda?"

Watoto wakacheka tena, Chapuchapu naye akacheka. Leo maji ya kuoshea yalikuwa yameilainisha, ndiyo maana. Tangu juzi alikuwa amehangaika kuwalisha vipepeo kitu wasichoweza kukimeza, kisha akawakasirikia wao.

"Sasa, habari ya jukwaa," alisema mwalimu, na Chapuchapu akaacha kucheka. "Siwezi kumpandisha mtu kwa aliyoyasema jana. Na leo umemwona kipepeo kwenye sukari ya binadamu, si kwenye ua. Jumatatu nitawaonyesha wewe na Kobe mahali nyuma ya maktaba ambapo hapajafyekwa. Mtaangalia tena. Mkiniletea kidogo cha kweli, mtapanda. Mkiniletea kingi cha kutunga, atapanda Redio na kuku wake."

"Ehee!" alisema Redio.

"Mwalimu," shangazi alidakia, akisimama na maua mawili yanayodondosha maji, "kabla ya Jumatatu kuna alasiri. Hawa watoto wana mikono?"

Walikuwa nayo. Wengine wakaosha, wengine wakapanga mstari mbele ya kamba wakipepea waridi kwa madaftari, na Redio akapewa kazi ya kuwasimulia habari za kuku ili wasichoke. Boksi lilifungwa wakati gari la kuchukua maua likipiga honi. Bibi harusi hakujua chochote, ingawa inasemekana sisimizi mmoja alihudhuria.

Jumatatu walikaa nyuma ya maktaba, Chapuchapu amekalia mikono yake mwenyewe ili isimponze. Siku ya kwanza hawakuona kitu. Alikasirika, akang'oa majani, akakaa. Siku ya pili, mvua. Siku ya tatu kipepeo mmoja mdogo wa manjano alitua kwenye ua la kweli, akakunjua mrija, akafyonza, na akaondoka na vumbi la chavua miguuni. Hayo tu ndiyo waliyoyaandika. Mwalimu akasoma, akasema, "Mtapanda."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Kobe alieleza mrija kwa taratibu yake, Chapuchapu akaonyesha mchoro na kusimulia habari yote, pamoja na brashi na sisimizi, na wazazi walicheka mpaka viti vikalia. Mwishoni baba mmoja wa mbele alinyoosha mkono. "Nina swali, binti. Je, kipepeo hunywa kiasi gani kwa siku?"

Chapuchapu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, tamu, linang'aa, limejitunga lenyewe. Kobe alimtazama kwa pembe ya jicho. Ukumbi ulisubiri.

"Sijui, mzee," alisema. "Hilo hatujaliangalia bado."

Waliposhuka, shangazi alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa. Alimvuta, akamkumbatia yeye na mchoro wake wote.

"Umeniona, Shangazi? Nimeeleza vizuri?"

"Vizuri. Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni lile la mwisho."

"Lile la 'sijui'? Shangazi! Lile ndilo nililoshindwa!"

"Sikiliza, mwanangu. Kuona ni kazi ya macho, na macho hayafanyi kazi kwa haraka. Mdomo ukiwahi kabla ya macho, unaleta uongo hata kama haukukusudia. Wewe leo umeusubirisha mdomo mbele ya ukumbi mzima. Mtu anayeweza kusema 'sijui' pale asipojua, siku akisema 'najua', nitamwamini bila kuuliza mara mbili."